MREJESHO: Zebra ambayo magari hayasimami

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuwafanya madereva wasimame kwenye zebra ya mtaa wetu, katikati ya Dar. Mlishauri kivuko kiinuliwe, na kimeinuliwa: tuta bapa lenye kimo cha sentimita 10, sehemu bapa ya juu ikiwa na urefu wa mita 4, na miteremko ya mita 1.5 ili daladala zisikwangue chini. Mwendo umeshuka. Kwa kilomita 30 kwa saa gari husimama ndani ya mita 13 hivi. Kwa 50 huhitaji kama 27, na mtoto hana mita hizo.

Kilichosahaulika ni maji. Tuta liliziba mkondo wa pembeni, dimbwi likajaa palepale watu wanaposubiri kuvuka. Limewekwa bomba la milimita 150 kando ya ukingo, lenye mfuniko wa kusafishia taka.

Bado hazijawekwa nguzo za kuzuia maegesho mita 10 kabla ya kivuko.