MJADALA: Punda wa Monduli anamshinda wa Ufaransa kwa samadi?

Wakuu, heshima mbele.

Kwenye grupu la wafugaji hapa Arusha limezunguka jedwali linalopanga nchi kwa naitrojeni (kirutubisho cha mimea) ya kinyesi cha punda na nyumbu inayobaki malishoni. (Nyumbu wa mizigo, mtoto wa punda na farasi, siyo wale wa Serengeti.) Ethiopia iko juu, Ulaya iko chini. Basi vita ikaanza. Wengine wanadai Afrika tunachafua hewa kwa punda, wengine wanatamba kwamba ardhi yetu inarutubishwa kuliko ya wazungu. Mimi naona pande zote mbili zinagombania kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Namba hizo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanazipata kwa kuzidisha: idadi ya punda mara kiwango kilichokwisha kupangwa. Mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, unampa punda uzito wa kilo 130, awe wa wapi. Halafu kwa kila kilo 1,000 za uzito, Afrika tumepewa gramu 460 za naitrojeni kwa siku, Ulaya Magharibi gramu 260. Piga hesabu: wa Monduli anatoa karibu kilo 22 kwa mwaka, wa Ufaransa kama 12. Uzito ule ule!

Naitrojeni ya kinyesi na mkojo inatokana na protini aliyokula mnyama. Punda wa Longido anayetafuna nyasi zilizokauka mwezi wa tisa, huku mgongoni kabeba madumu ya maji, ataitoa wapi hiyo ziada? Ethiopia inaongoza kwa sababu ndiyo yenye punda wengi kuliko nchi yoyote duniani, basi. Hiyo ni orodha ya wingi wa punda iliyovishwa koti la sayansi.

Halafu malisho yenyewe. Punda wetu wengi usiku wanalala bomani, na kinyesi cha usiku kinabaki zizini. Ingia zizini alfajiri, ile harufu inayochoma pua ni naitrojeni ya mkojo inapotea hewani kama amonia. Samadi inayorundikana inapakiwa kwenye Fuso inakwenda kwenye mashamba ya watu. Boma likihamishwa, pale lilipokuwa nyasi huota nzuri kwa miaka mingi. Kule Narok, Kenya, utafiti uliotoka 2018 ulikuta udongo wa maboma ya wafugaji wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita bado una rutuba kuliko wa jirani. Yaani naitrojeni inatolewa malishoni inakusanywa sehemu moja. Wastani wa nchi utaonaje hilo?

Msimamo wangu: jedwali hili lisitumike kuamua chochote kuhusu punda, iwe kuwapunguza au kuwasifia. Pingeni.

Mchangiaji, Moshi: Mkuu, umebomoa nyumba hujajenga banda. Viwango hivyo ni vya nchi ambazo hazijapima, na mwongozo huo huo unaruhusu nchi kupeleka vipimo vyake. TALIRI, taasisi yetu ya utafiti wa mifugo, wana kituo West Kilimanjaro, punda wapo, nyasi zipo. Tumlaumu nani? Halafu hewa chafu usiipuuze, hata kama ni ndogo.

Mleta mada: Ni ndogo kweli, kaka. Kwa mwongozo huo asilimia 1 tu ya naitrojeni ya punda malishoni ndiyo inageuka moja kwa moja kuwa gesi ya oksidi ya nitrasi (N2O), ile inayoongeza joto duniani. Ng'ombe amewekewa 2. Kupima naafiki. Ila mpaka tupime, linganisha Tanzania ya mwaka huu na Tanzania ya mwaka jana, kiwango hakibadiliki hapo. Tanzania na Ufaransa hapana.

Mfugaji, Longido: Mimi ni mama, punda ndiye anayenitekea maji. Umoja wa Afrika ulizuia biashara ya ngozi zao 2024 kwa miaka 15 kwa sababu walikuwa wanaisha. Sasa mtu akija na jedwali kusema ni wengi mno, nitamuuliza kahesabu lini. Na mkikubaliana kupima, anzeni na mkojo wa zizini, siyo kinyesi cha njiani. Je, hao wa West Kilimanjaro watakubali kuja kulala bomani?