Altezza RS200 inaruka nyuma kwenye kona za Kitonga, ninunue koilova?

Ipogolo_RS:
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijachoma hela.

Nina Toyota Altezza RS200 ya 2001, manyuo ya gia sita, huu mwezi wa nane niko nayo. Aliyeniuzia alisema imeshushwa kisport, na kweli imekaa chini: kati ya tairi na madigadi unapitisha vidole viwili tu. Nikiri, hicho ndicho kilichonifanya nitoe hela.

Kila mwisho wa mwezi natoka Dar kwenda Iringa. Wiki iliyopita nikasimama Ruaha Mbuyuni kama kawaida, nikamchukulia mama gunia la vitunguu kwenye buti na kiroba siti ya nyuma. Naanza kupanda Kitonga, kona ya kulia, spidi 50 hivi, gia ya tatu, nikakanyaga mafuta ili nitoke. Pale malori yamebonyeza lami hadi imekuwa mawimbi. Nikasikia "dub!" nyuma, halafu mkia ukaruka kushoto kama mtu kaupiga teke. Niliurudisha, sijui niliurudishaje. Mikono ilitetemeka mpaka Ilula.

Kuna koilova (shokapu na springi kwa pamoja, unazipandisha au kuzishusha utakavyo) za mtumba wa Japani nimeziona Kariakoo, jamaa anataka milioni 1.2. Ana na staba nene ya nyuma (kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), laki mbili. Bajeti yangu milioni moja na nusu. Nichukue vyote?

Bwana_Crown:
Uza, vuta Crown. Vitunguu vitasafiri kwa heshima.

Mzee wa Spana:
Kijana, jibu umelibeba mwenyewe kwenye buti. Sisemi mama asile vitunguu, ila soma polepole.

Gari iliyoshushwa na mtu asiyekuonyesha risiti ya springi, tisa kwa kumi imekatwa springi kwa grainda. Ndivyo nilivyoziona nyingi hapa gereji. Springi inakuwa fupi, shokapu inabaki ileile. Maana yake ile nafasi ya shokapu kuzama imeshaliwa kabla hujapanda hata wewe. Sasa weka gunia nyuma. Weka mlima unaorudisha uzito nyuma. Kanyaga mafuta, nyuma izidi kukaa. Ingia kona ya kulia, gari ilalie kushoto. Tairi ya nyuma kushoto imebaki na nafasi gani? Hiyo "dub" ni raba ya kwenye fimbo ya shokapu imefika mwisho. Kuanzia hapo huna springi, umekalia chuma. Wimbi linalofuata halizami popote, linairusha tairi, na tairi iliyo hewani haina kona.

Staba ya nyuma usiiguse kabisa. Gari itaacha kulala, ndiyo, lakini hii inasukumwa na tairi za nyuma. Ukikaza nyuma peke yake, mkia ndio unaozidi kuponyoka. Hapo unauongeza ugonjwa ukidhani ni dawa.

Koilova za mtumba hujui zimetembea kilometa ngapi wala nani alizichezea. Zikivuja mwezi wa pili utampelekea nani?

Halafu nyie vijana mnaongea injini tu, injini tu. RS200 ilitoka kiwandani na amu, ile mikono ya chuma inayoshika tairi, ya juu na ya chini kwenye kila tairi, mbele na nyuma. Hiyo ndiyo mali. Tairi inabaki imelala sawa kwenye lami hata gari ikiinama. Lakini amu zinashikwa na bushi za raba, na raba ya 2001 unaijua ilivyo.

Jumamosi piga jeki, toa tairi zote. Angalia ncha za springi. Pitisha mkono kwenye shokapu, ukitoka na tope la mafuta hiyo imekufa. Chukua tochi utazame bushi za amu kama zimepasuka. Mwisho, bolijointi za chini za mbele, vile viungo vya mviringo vinavyounga tairi na amu: shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, usiondoke na hiyo gari hapo ulipo. Kwenye Altezza ikichomoka hiyo, tairi inalala barabarani.

Koilova_Gang:
Mzee naheshimu, lakini shokapu za kawaida ni za kubebea harusi. Mimi nina koilova kwenye Altezza yangu, nimeshusha sentimita 4, kona naichukua kama niko kwenye reli.

Mzee wa Spana:
Koilova mpya, zilizosetiwa na mtu anayejua, kwenye lami ya mkeka, sibishi, tena nakuonea wivu. Yeye anapita rasta na matuta ya kila kijiji kuanzia Mikumi na gunia mgongoni. Wewe huwa unabeba nini?

Koilova_Gang:
Spika 😂

Ipogolo_RS:
Wakuu narudi, zimepita wiki tatu.

Mzee, kama ulikuwepo. Springi za nyuma zote zimekatwa. Ncha imechongoka kama kisu cha mchinjaji, imeota kutu, haikai hata kwenye kikalio chake. Ile raba ya kwenye fimbo upande wa kushoto haipo, nimekuta vipande kama makombo ya mkate mweusi. Shokapu hiyohiyo imelowa. Bushi za amu za chini za nyuma unaingiza kucha kwenye ufa. Bolijointi za mbele, ya kulia inacheza, kidogo lakini inacheza. Nilikaa chini kwenye kindoo nikatafakari mara ngapi nimepita Kitonga na kile kitu.

Koilova nimeachana nazo. Nimepata springi nne za kiwandani kutoka kwenye RS200 iliyogongwa mbele, shokapu mpya nne, bushi za amu za nyuma na bolijointi mbili. Na ufundi juu, imekula milioni 1.6 kasoro. Nimekopa kidogo, tusiongelee.

Jambo moja nilibishana na fundi mpaka akanuna. Alikaza bolti za bushi gari ikiwa juu ya jeki, tairi zinaning'inia. Nilikuwa nimesoma kwamba bushi ya raba ukiikaza hivyo, gari ikishuka raba inabaki imejisokota muda wote, na baada ya muda inachanika. Nikamwambia alegeze, tuweke gari kwenye mbao ikae kwa uzito wake, ndipo akaze. Akasema ana miaka ishirini kwenye kazi. Nikamwambia shikamoo, lakini legeza. Akalegeza.

Alaimenti (mwelekeo wa tairi) ilipopimwa, tairi ya nyuma kushoto ilikuwa inatazama nje. Kumbe ndiyo maana ile tairi ilikuwa inaliwa upande mmoja, na mimi nikamlaumu aliyeniuzia tairi.

Juzi nimepanda Kitonga, kona ileile, gunia lilelile. Sasa gari imekaa juu, ukiitazama pembeni ni gari ya mwalimu mkuu, sikatai. Ikalala kidogo, ikazama, ikanyanyuka mara moja ikatulia. Hakuna "dub". Nilifika nyumbani mama akashangaa nimeshuka natabasamu.

Kimebaki kitu kimoja. Nikifunga breki kwa nguvu kwenye mteremko, mbele inateleza kidogo kabla haijashika. Alaimenti iko sawa.

Mzee wa Spana:
Shikamoo-legeza hiyo nimeipenda, naenda kumsimulia kijana wangu wa gereji. Tairi za mbele soma namba nne za mwisho pale palipoandikwa DOT. Zinasemaje?

Ipogolo_RS:
1416. Kashata za tairi bado zipo lakini, hazijaisha.

Mzee wa Spana:
Wiki ya 14, mwaka 2016. Kashata zipo, raba imeshakuwa plastiki. Jaribu kuingiza kucha uone. Za mtumba usinunue tena, afadhali mpya mbili za bei ya chini, na hewa ujaze kwa ile namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango, si ile ya mzee wa pancha.

Ipogolo_RS:
Kucha haiingii. Mwisho wa mwezi huu napanda basi.