Naomba ushauri: binti yangu na Waislamu wa kwenye tamthilia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwetu Tanga, ila naishi Uingereza. Juzi binti yangu wa miaka 13 kaniuliza, "Mama, mbona kwenye TV Mwislamu akitokea ni gaidi au mke anayeonewa?" Nilikosa jibu.

Homeland, tamthilia ya Kimarekani ya majasusi na magaidi, niliitazama miaka bila kuwaza. Kumbe mwaka 2015 wasanii walioitwa kuchora maandishi ya Kiarabu kwenye kuta za kambi ya wakimbizi ya kuigiza waliandika kwamba tamthilia hiyo ni ya kibaguzi, na ikarushwa hivyo hivyo. Waandaaji hawakuyasoma! Hilo limeniuma sana. Lugha ya Qur'ani kwao ilikuwa pambo la kutisha tu.

Nimepata pia Riz Test, maswali matano ya kumpima mhusika Mwislamu: anahusishwa na ugaidi? Ana hasira zisizo na sababu? Anaonyeshwa kama aliyepitwa na wakati? Tulipima na binti, tamthilia nyingi zikaanguka.

Sasa nimkataze, au tutazame pamoja tukijadili? Waliolea watoto ughaibuni, mliwaonyesha tamthilia zipi zenye Waislamu wa kawaida, wanaopika, wanaocheka, wanaogombana na ndugu zao? Nisaidieni, ameanza kuona haya kuvaa mtandio shuleni.