Maembe ya ngowe uani: yaive mtini ama niyavumbike?

Mla Ngowe, Kisauni: Mwembe wangu umezaa hadi matawi yamelalia paa la jikoni. Jana alfajiri nimeangua moja lina umande, nikalila nimesimama, maji yakanitiririka hadi kiwikoni. Kanzu ya msikitini ikaingia doa! Lakini popo kila usiku wanitangulia. Nifanyeje?

Bibi Likoni: Mwanangu, likinenepa karibu na kikonyo, angua. Bakisha kikonyo kirefu, utomvu usichome ganda. Vumbika kwenye mchele siku tatu nne.

Jirani wa Popo: Mimi huyavika nyavu za vitunguu. Nusu hupona.

Mla Ngowe, Kisauni: Shukran bibi. Ila la kuvumbika halina ile harufu. Leo najaribu nyavu. Mabichi ya chini watoto washayamaliza kwa chumvi na pilipili.