Naomba ushauri: karoti nene lakini zimepauka, ni joto au udongo?

Habari zenu wakuu. Nalima karoti kwa ajili ya watoto wangu, na ninachotafuta ni vitamini A, si uzito. Za msimu wa joto zimetoka nene, ila ukizikata moyo ni mweupe mweupe na utamu hakuna. Za msimu wa baridi, mbegu ile ile na shamba lile lile, zilikuwa na rangi kali mpaka ndani.

Ninavyofahamu, karoti hutengeneza betakarotini, yaani ile rangi yake ya chungwa, vizuri kwenye nyuzi joto za Selsiasi 16 hadi 21 hivi. Joto likizidi, rangi hufifia. Na rangi hiyo ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, kwa hiyo kupauka huku kunaniuma kweli. Halafu naitrojeni ikizidi, nguvu nyingi huishia kwenye majani, wakati potasiamu ndiyo husaidia sukari kushuka mzizini.

Sasa nakwama hapa. Matandazo ya nyasi yanatosha kupoza udongo, au niweke na kivuli? Kivuli nakihofia, maana jani lisilopata jua la kutosha halitengenezi sukari. Majivu yana potasiamu, lakini hupunguza tindikali ya udongo. Ni salama kuyaweka kabla ya kupima? Na nikichelewa kuvuna kidogo, rangi itaongezeka au nitapata mizizi migumu tu?

Aliyewahi kupata karoti zenye rangi kali kwenye joto, naomba anitajie na aina ya mbegu aliyotumia.