Msitu wa juu ya nyumba yetu umefyekwa, sasa mlima unapasuka. Naombeni ushauri

Wa_Bondeni
Wakuu, salaam. Mlima ulio juu ya nyumba yetu ulifyekwa msitu wote, huu ni mwaka wa nne. Misimu ya kwanza ya mvua ilipita salama, tukajua yameisha. Sasa kule juu pametokea ufa uliojipinda kama upinde, mkono unazama hadi kwenye kiwiko. Nimechimba: juu udongo mwekundu mwepesi, chini yake tabaka la kijivu linalonata, halafu mwamba. Mzee anasema tusihangaike, mfinyanzi hushikana, kinachoporomoka ni kichanga. Kaka anataka tukate makingamaji kukingama mteremko ili maji yasishuke. Nimsikilize nani? Na kwa nini ianze leo, si mwaka ule miti ilipokatwa?

Fundi Visima
Mkuu, kabla ya elimu ya udongo: mvua ikinyesha mfululizo, msilale humo. Ufa wa namna hiyo maana yake kipande cha mlima kimeshaanza kuachana na chenzake.

Jembe Butu
Pandeni mikaratusi, inakunywa maji balaa. Kwisha habari.

Kokoto
@Jembe Butu mikaratusi itasaidia wajukuu, si mvua zijazo. Na hapo ndipo lilipo jibu la "kwa nini leo". Mti ukikatwa, mizizi haifi nguvu siku hiyohiyo. Inaendelea kuufunga udongo huku ikioza taratibu. Kipindi kibaya ni kuanzia kama mwaka wa 3 hadi wa 15 hivi: ya zamani imeoza, mipya haijashika. Juu ya hapo, msitu ulikuwa unanyonya maji ardhini na kuyarudisha hewani. Sasa yote yanabaki humo.

Mzee naye ana nusu ya ukweli. Mfinyanzi mkavu ni mgumu kweli. Ukilowa unavimba na kulegea, na maji yakishaingia hayatoki upesi. Ukikauka unasinyaa na kupasuka, halafu mvua ya kwanza inapita kwenye nyufa moja kwa moja hadi chini. Kichanga hakina gundi, chembe zake zinashikiliwa na msuguano tu, lakini kinachuja maji haraka. Kwa hiyo kichanga chembamba juu ya mwamba huweza kuchomoka ghafla kwenye mvua kubwa ya muda mfupi, wakati mfinyanzi mzito mara nyingi husubiri mvua ya siku kadhaa. Vyote vinaporomoka, ila kila kimoja kwa wakati wake.

Kinachonitisha kwako ni mpangilio wa tabaka. Maji yanapenya wekundu, yanagota kwenye kijivu, yanajaa hapo. Yakijaa yanasukuma chembe ziachane, msuguano unapungua, na kila kilicho juu kinapata utelezi. Bududa, kwenye Mlima Elgon nchini Uganda, Machi 2010, mfinyanzi mwingi, mteremko uliofyekwa kwa kilimo na mvua nyingi vilikutana, kijiji cha Nametsi kikafukiwa.

Wa_Bondeni
Duh. Kwa hiyo makingamaji ya kaka?

Kokoto
Makingamaji ya kulala sawa yanayotuama maji yanazuia mmomonyoko, na watu wengi wanadhani mmomonyoko na maporomoko ni kitu kimoja. Hapo kwenu yatalisha lile tabaka la kijivu. Chimbeni mfereji juu ya ufa, si chini yake, wenye mwinamo kidogo, uyatoe maji pembeni hadi kwenye korongo lenye mawe. Usivuje njiani. Ufa wenyewe uzibeni kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, mtandaze turubai juu.

Fundi Visima
Naongezea: visiki msiving'oe, mtatoboa mashimo ya kuingizia maji. Na msikate mguu wa mteremko kupanua kiwanja, huo ndio umebeba mzigo wote. Nyasi za vetiva zipandeni, mizizi yake inashuka zaidi ya mita 2, ila kama utelezi uko mita 5 chini, hakuna mmea utakaoufikia.

Jembe Butu
Sawa, nimeelewa. Lakini atajuaje udongo wake una mfinyanzi kiasi gani bila maabara?

Fundi Visima
Chupa ya kioo, udongo nusu, maji, tikisa sana. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili, tope laini baada ya saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kubaki unaelea hadi kesho yake. Chukua sampuli ya kila tabaka, usichanganye.

Wa_Bondeni
Nashukuruni wakuu. Mzee bado mbishi, ila ameona chemchemi mpya nyuma ya nyumba, tena maji yake ni ya matope.

Kokoto
Hiyo chemchemi ni mbaya kuliko ufa. Pigilieni vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, mpime umbali wake kila siku, na mwiteni mtaalamu wa jiolojia aje aone. Ila msimngojee mkiwa humo ndani: hamisheni watoto na wazee leo, vigingi visome vinavyosoma.