Ushauri: Baba alikuwa zimamoto na fundi wa milango ya nakshi. Tumkumbuke vipi bila kugombana?

BintiKuze:
Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine wote habari zenu.

Tumefiwa na baba mwezi uliopita, tukamzika Kikowani. Hapa Mji wa Kale, Mombasa, alijulikana kwa mambo mawili. Kazi ya mshahara ilikuwa zimamoto, tangu enzi za manispaa mpaka akastaafu kabla ya kaunti kuja. Kazi ya moyo wake ilikuwa useremala: milango ya nakshi, makasha, viti, hata mbuzi za kukunia nazi za majirani. Alipostaafu alihamia kabisa kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Pensheni nayo, nadhani nusu iliishia kwenye mbao za mvule (mama hakupendezwa kamwe).

Nimepewa jukumu la kuandika habari zake zisomwe arobaini ikifika. Nimeandika, lakini nikisoma naona kama barua ya kuomba kazi: alizaliwa, akaajiriwa, akastaafu, ameacha watoto na wajukuu. Ami yangu asema niongeze "alikuwa mtu wa watu". Jamani, kuna marehemu ambaye hakuwa mtu wa watu?

Halafu kuna vyombo vyake. Kaka mkubwa ataka viuzwe, kuna mtu ashafika bei. Mimi naona apewe kijana aliyekuwa akijifunza kwake, ndiye pekee anayejua kuvitumia. Na juu ya hayo kuna mlango haujaisha. Mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, umeshachongwa wote, kipande kimoja cha mlango kimefika nusu, na aliyeuagiza alishatoa arbuni, pesa ya kutanguliza. Karatasi hakuna, baba alikuwa akiandika hesabu kwa penseli ukutani.

Tuanzie wapi?

Mstaafu_Bandarini:
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni sana mwanangu. Nami nilikuwa zimamoto, ila upande wa bandari.

Hiyo habari usiiandike peke yako. Watafute wenzake wa zamu walio hai, uwaendee majumbani, na usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani. Watakwambia mpole, mcheshi, basi. Waulize nani alishika mdomo wa mpira na nani alikuwa nyuma yake. Waulize gari lilisimama wapi. Kwa mji wenu hilo ni swali kubwa, maana gari la zimamoto haliingii vichochoroni. Labaki Ndia Kuu, na watu wavuta mpira kwa miguu, wakata kona hii na ile, huku wenye nyumba wapiga mayowe. Waulize pia habari za makuti wakati wa kaskazi. Upepo ule ni mkavu, cheche yaruka paa la tatu kabla la kwanza halijaanguka, kwa hivyo waliacha nyumba iliyokwisha shika moto wakaenda kumwagia maji zile ambazo bado. Mwenye nyumba hakuelewi hata umweleze vipi. Mzee yeyote wa kazi hii ana mtu aliyemtukana kwa hilo, na hadithi hiyo ataikumbuka vizuri kuliko medali.

Kama arobaini italeta maneno, iko pia tarehe 4 Mei, siku ya wazimamoto duniani. Ilianzishwa 1999 baada ya wenzetu watano kufa kwenye moto wa msituni kule Australia Desemba 1998. Huvaliwa utepe mwekundu na wa buluu, yaani moto na maji. Waalikeni wastaafu siku hiyo, watakuja.

UmmuNassir:
Maneno ya arobaini yashaanza hapa hapa 😀 Wako wasemao ni bidaa na wako wasiolala bila khitma, hatutayamaliza leo. Mimi nakukumbusha jambo moja tu: mama yako yuko edani, miezi minne na siku kumi. Musimjazie nyumba wageni wa kuja kutazama mlango na kupatana bei ya randa. Kibanda kina mlango wa nje? Watu wapitie huko.

Maalim_Shariff:
BintiKuze, vyombo si vya kaka yako kuuza wala si vyako kumpa kijana. Ni mali ya warithi wote. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo mirathi. Mama ana thumni kwa kuwa kuna watoto, na kinachobaki baada ya wenye mafungu ni chenu, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja.

Ile arbuni ni deni. Ama kazi imalizwe kwa makubaliano na mwenye mlango, ama arudishiwe pesa yake kabla hamjagawana chochote. Ukuta wenye hesabu za penseli msiupake chokaa, upigeni picha.

Kijana anaweza kupewa kama marehemu aliusia na mashahidi wapo, au kama warithi wazima wote wameridhia, kila mmoja katika fungu lake. Mkishindwana, Mahakama ya Kadhi ipo.

Fundi_Randa:
Huyo aliyefika bei ni dalali au fundi? Dalali atauzia watalii tezo itundikwe ukutani.

Wakati mnaongea, vyombo vipakeni mafuta ya cherehani, maana kwa chumvi ya bahari hii patasi yaota kutu kabla hamjaafikiana. Za kuchongea nakshi zifungwe kila moja kwa kitambaa chake, zisigongane makali. Na huyo kijana mpeni kwanza kazi ya kuumaliza mlango, kwa ujira. Mtajua kama anafaa kurithi chombo.

Swali: marehemu alikuwa akichonga mvule tu?

BintiKuze:
Mvule na mbambakofi, na msaji akiletewa. Alikuwa akisema mbao nene ya mti mgumu hujikaanga nje ikawa mkaa, na huo mkaa ndio huulinda moyo wake, kwa hivyo mlango mzito huchelewa kuangushwa na moto. Alijua mbao kwa pande zote mbili. Hata nyumba za watu, akikaribishwa ghorofani, aligonga boriti kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, ndipo akapanda. Wenye nyumba walichukia.

Mstaafu, nimemwendea mmoja wa wenzake Majengo. Sikupata kuuliza swali la pili, amesema kutoka asri mpaka magharibi. Ile barua ya kazi nimeitupa, naanza na boriti.

Kaka amekubali vyombo viorodheshwe kwanza, akisikia neno Kadhi hupoa. Kijana naye yuko tayari kuumaliza mlango. Mwenye mlango anakuja Jumamosi, atapitia nyuma.

Fundi_Randa:
Nami nitafika hiyo Jumamosi, inshallah. Asije mtu akaupaka vanishi kabla sijauona.